Msumari wa Inchi Nne

Msumari wa inchi nne ndio aliotumia.
Nimeuokota chini ya ukuta wa kibla,
ncha imelika, kichwa kimepinda,
vumbi la chokaa lingali jeupe mchangani.
Juu, karibu na kidaka cha tatu:
MADI NA ZENA.
Herufi ya mwisho haikukamilika.
Alichoka mkono, au alinisikia nikikohoa.

Miaka kumi na minane nalinda magofu haya ya Manda.
Nilikabidhiwa daftari la wageni,
kufuli lisilo na mlango,
na kibao cha USIGUSE
ambacho jua limekisoma hadi likamaliza wino.
Sikukabidhiwa dawa ya bahari.
Bamvua ya Shaabani ilipanda hadi makaburini,
ikaondoka na mawe mawili ya kuchonga
bila kutia sahihi.
Wala dawa ya mizizi,
wala ya yule aliyekuja usiku na patasi
akabandua visahani vya buluu kwenye mnara wa kaburi.
Viliko sijui. Hapa pamebaki mashimo ya duara,
matano, yananikodolea mato
kila nipitapo na ufagio.

Basi nilipomjua Madi ni nani,
mwana wa Shekuwe mwenye duka la saruji,
nilimleta kwa sikio.
"Soma," nikamwambia. Akasoma jina lake
kama asomaye la mtu mwingine.
Kisha akainama, akapangusa utando wa buibui
chini kidogo, mkono wa kushoto,
pale ninapowamulikia wageni kwa tochi:
mistari saba imesimama,
wa nane umeikata.
Imekwaruzwa lipu ilipokuwa mbichi,
karne nne, walisema wataalamu, au zaidi.

"Na huyu je, Ami?
Huyu alivutwa sikio na n'nani?"

Nilikuwa na jibu. Ninalo kwenye karatasi ya semina,
lina vifungu na muhuri.
Halikutoka.
Nilikumbuka kizingiti cha nyumba yetu, Langoni,
jiwe la matumbawe lenye nusu ya ua,
alilolibeba babu yangu kutoka papa hapa
kwa mtumbwi, kisha kwa punda,
nami nimelikanyaga tangu natambaa,
nikenda kazini
kuwalinda ndugu zake.

Tulichanganya chokaa, Madi na mimi,
chokaa iliyolazwa majini mwezi mzima,
si saruji ya babake,
maana saruji huubana ukuta ukashindwa kupumua,
mwisho ukatema lipu yake yote.
Tukaliziba jina.
Lilipokauka liling'aa kuliko mwanzo,
MADI NA ZENA, jeupe pe,
na mgeni wa kwanza wa Jumatatu alilipiga picha hilo,
mihrabu akaipa mgongo.
Litafifia, nikamwambia, masika mawili matatu.
Zena mwenyewe, nasikia, ameposwa Faza.

Sasa huja Ijumaa baada ya swala,
na uzi wenye mafundo,
apime kutoka kaburi la mwisho hadi povu linapoishia.
Mwaka jana, mafundo kumi na moja.
Yeo, tisa na kidole.
Huandika daftarini, si ukutani,
mstari kwa kila bamvua: mitano, sita, saba,
kisha mmoja wa kukata.
Hakuna aliyemfunza hivyo.

Nami humtazama, tochi mkononi mchana kweupe,
nikiuliza yule wa kale alikuwa akihesabu nini.
Magunia ya mtama? Siku za homa?
Au naye alikuwa na uzi wake,
na maji yake?

Jiwe bado liko Langoni.
Nimemwambia mke wangu nataka kulirudisha.
Akasema sawa, ling'oe,
lakini mvua ikiingia ndani
utalala wewe mlangoni.